Mwanamke Aliyeambiwa Hana Nyongo

"Nyongo ninayo," fundi mapazia alisema, viwiko vyote viwili kavikita kwenye dirisha la mapokezi. "Kama huniamini, mpigie simu mume wangu."

Foleni nyuma yake ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Alikuwa mtu wa kola iliyopigwa pasi, na uso uliopigwa pasi vilevile.

"Mama, mimi nasoma kilichomo. Humu panasema ulitolewa nyongo, hospitali ya upande huu huu wa mpaka, na kuna sindano moja ilikukataa, ukakaribia kututoka."

"Nikaribie kufa, na mimi mwenyewe nisiambiwe?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi iulize ilinizika wapi."

Karani akashusha pumzi. Sindano hiyo, alisema, ndiyo wanayoitumia kwenye macho. Daktari hamgusi mpaka jambo hili lieleweke.

Hapo mzaha ukakatika. Jicho la kulia la fundi lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata mkumbo. Kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, mumewe alimtungia sindano za mkono, akazichomeka kwenye mto mdogo, uzi mweupe huku, wa kijivu kule. Zikiisha uzi, kazi inalala mpaka mume arudi. Mwezi uliopita alishona pindo la mapazia ya ofisi moja likaenda mshazari kama mlevi. Mwenye ofisi aliyarudisha bila kumgombeza, jambo lililomuuma kuliko kugombezwa.

Hospitali ya kwao haikuwa na mashine ya kazi hiyo. Iliyokuwa nayo ni hii, ng'ambo ya daraja. Zamani bima ya kwao ilikuwa ikifia darajani. Siku hizi nchi mbili zimeunganisha mitambo yao, kadi ya kule inasomeka huku, na mgonjwa havuki tena na mfuko wa makaratasi. Ndivyo alivyoambiwa. Hakuambiwa kwamba atavuka ajikute ameshatangulia, tena bila nyongo.

Wakampeleka chumba cha mwisho wa korido, kwa mwanamke wa makamo kama yeye, miwani kaipandisha kichwani, makaratasi yake kayakandamiza kwa kikombe yasipeperushwe na feni. Kazi ya huyu ilikuwa kusuluhisha mitambo ya pande mbili inapogombana.

"Weka kidole gumba hapa, bibie."

Kitaa kikawaka chekundu. Mtaalamu akafuta kioo, wakarudia. Chekundu.

"Namba ya cheti chako cha kuzaliwa inakubali, kidole kinakataa," akasema. "Kuna mtu mwingine huku anatumia namba yako."

Mwingine angepandwa na jazba. Fundi mapazia akavuta kiti. Huyu ndiye aliyewahi kufumua pazia la mteja ili tu aone marinda yake yameshikwaje, akalishona upya kabla mwenyewe hajarudi. Kitu kilichofungwa kilimwasha mikono.

"Hebu nieleze kwanza. Hii kompyuta yako inaingia kwetu kufungua makabati ya watu?"

"Haiingii. Inabisha hodi. Inauliza swali moja, kwa mfano, bima ya huyu ni hai? Kule wanajibu ndiyo au hapana. Kabati halifunguliwi."

"Na njiani? Mtu akilidaka hilo swali pale darajani?"

"Atakuwa amedaka kufuli. Anayelifungua ni yule lililoandikiwa tu. Na kila anayeuliza, jina lake linabaki."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mshono mzuri. Kisha akainuka kidogo, akanyoosha shingo kuelekea skrini.

"Na huyo mwenzangu asiye na nyongo, alipona? Anaendeleaje?"

Mtaalamu akaigeuza skrini ikatazama ukuta. "Muda mfupi uliopita ningekuonyesha, nilidhani ni yako. Sasa najua si yako. Mpaka mwenyewe aridhie."

"Namba ni yangu."

"Namba yako. Nyongo yake."

Fundi akakaa. Moyoni alishamjua.

Kwao walizaliwa wasichana wawili. Mkubwa alizaliwa nyumbani, hakuandikwa popote. Mdogo, yaani fundi, alizaliwa zahanati akapewa cheti. Mama yao alikihesabu cheti kile kama sufuria ya nyumba, anayekihitaji anachukua. Dada alipopata kazi ya jikoni ng'ambo, akakichukua akavuka nacho. "Nitakirudisha wiki ijayo," alisema. Wiki hiyo haikufika. Mdogo akahangaika ofisi hadi ofisi kupata nakala, na tangu hapo kila walipoonana salamu yake ikawa moja tu: cheti changu je? Msibani, harusini, mbele za watu. Hatimaye dada akaacha kuja. Watu wakasema maisha ya ng'ambo yamempa kichwa. Fundi naye alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

"Nikikutajia jina la huyo mtu, mtamfunga?"

"Usinitajie. Anayejileta mwenyewe anarekebishiwa. Anayeletwa ni habari nyingine."

Fundi akasimama mlangoni na simu yake.

"Dada, wewe una nyongo?"

Kule kwa dada masufuria yakasikika yakigongana.

"Nani kakwambia?"

"Kompyuta. Kwa nini hukuniambia ulipasuliwa?"

"Ningekwambiaje? Ningesema nimelazwa, ungeniuliza cheti."

Fundi akatafuta jibu la kuchoma. Kwa kawaida majibu hayo hayakumpotea. Leo aliliacha, maana ni kweli, angeuliza.

"Cheti sikitaki," akasema. "Nataka jicho. Hawaligusi mpaka uje useme wewe ni wewe na mimi ni mimi."

"Na kazi yangu? Na wanangu walioandikishwa shule kwa namba hiyo?"

"Kuna bibi hapa anasema ukijileta mwenyewe hakuna neno."

"Sikusema hakuna neno," mtaalamu akadakia kutoka ndani. "Nimesema anarekebishiwa. Makaratasi yatakuwepo."

"Umesikia? Makaratasi. Umeshinda kisu, utashindwa na karatasi?"

Dada akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho fundi hakuwa amekisikia siku nyingi. "Mdogo wangu, waliopaswa kukukata walitakiwa waanzie mdomoni."

"Njoo uwaonyeshe pa kukata."

Alifika na aproni bado kiunoni, mikono inanukia sabuni ya vyombo. Alikuwa amekonda. Hawakukumbatiana, walisogea tu wakasimama bega kwa bega mbele ya meza, kama wanafunzi waliochelewa. Dada akaweka kidole, kitaa kikawaka kijani. Mtaalamu akamwuliza kama anaridhia, akaridhia, na mbele yao ile nyongo, ile sindano na wale watoto vikaanza kuhamishiwa kwenye namba mpya. Makaratasi yalikuwepo kweli. Dada alitia sahihi mpaka mkono ukafa ganzi.

Ikafika zamu ya fundi. Je, anaridhia hospitali hii iulize kwao kuhusu dawa zinazomdhuru?

"Na kingine hawataona?"

"Hicho tu."

Akabonyeza. Kijani.

"Swali limeshaondoka?"

"Limeshakwenda na limeshajibiwa. Hakuna dawa inayokudhuru."

"Lenyewe limevuka mara moja, mimi nimekalishwa darajani nusu asubuhi," fundi akanung'unika, huku akiufuata waya wa kompyuta ukutani kwa jicho lake la kushoto, aone umeingilia wapi.

Wakakaa benchini nje ya chumba cha macho. Dada akatoa mfuko wa plastiki kifuani, na ndani yake karatasi iliyokunjwa hata imelegea.

"Wiki ijayo imefika," akasema.

Fundi akakipapasa cheti kwa ncha za vidole, kama anavyopapasa mapindo siku hizi. "Umekikunja vibaya."

"Nilikuwa nakificha."

"Nitakitilia kitambaa nyuma, kisichanike." Akakiingiza mkobani, kisha akampa dada mkoba mzima amshikie. "Basi. Sikudai tena."

Muuguzi akatokeza mlangoni, akaita jina la kwenye cheti. Wote wawili wakainuka. Kisha dada akaketi.