Rigopula Watatu, Tanuri Moja

Daftari la ubatizo la kanisa la Aspali, kijiji cha kisiwa cha Wagiriki, linaonyesha kwamba Rigopula Halkia alibatizwa Jumapili, tarehe 13 Mei 1951, akiwa na umri wa siku arobaini na mbili. Kwenye safu ya maelezo padri wa wakati ule aliandika maneno matatu tu: "binti wa kwanza." Aspali, maneno hayo yanatosha. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama, na pamoja na jina hupewa nyumba ya bibi, mizeituni ya bibi na, katika ukoo huu, tanuri la bibi. Wadogo zake huchukua kilichobaki, au hupanda meli.

Kwa hiyo mama yake Rigopula aliitwa Sevasti, na bibi yake aliitwa Rigopula. Mama wa bibi aliitwa Sevasti, na bibi wa bibi aliitwa Rigopula. Binti wa Rigopula Halkia, mwalimu wa hesabu huko Pireo, mji wa bandari wa bara, anaitwa Sevasti. Mwezi Machi mwaka 2024 Sevasti huyo alijifungua mtoto wa kike, na hakuna aliyehitaji kuuliza ataitwa nani.

Rigopula ana miaka sabini na mitatu. Alianza kukanda unga akiwa na miaka tisa, na tangu mumewe Mihalis afie ng'ambo, Baltimore, alikokuwa amekwenda kupaka rangi madaraja, ameliendesha tanuri peke yake: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mkate wa shayiri iliyochanganywa na ngano. Namna yake ya kukanda huwashangaza wageni. Mkono wa kulia unafanya kazi kama mikono ya watu wote. Wa kushoto anaugeuza nje na kulisukuma donge kwa ubavu wa ngumi, kana kwamba kifundo hakikunjiki. Kifundo chake ni kizima kabisa. Alijifunza kwa bibi yake, ambaye chake hakikuwa kizima, naye akaiga kila alichokiona.

Mwishoni mwa Julai alikuja Minas, mwenyekiti wa chama cha wanakijiji wanaoishi Pireo, mtu wa miaka arobaini na tatu, mwenye bidii, asiyejua kukaa kimya. Alimkuta Rigopula uani akichekecha unga, na Sevasti ameketi kivulini akimnyonyesha mtoto. Mkononi alikuwa na karatasi ndani ya plastiki.

"Shangazi, weka chekecheo chini kwanza. Nimekuletea kitu utakachokipenda."

"Nikikiweka chini, kuku watakipenda zaidi. Soma, nasikia."

Minas akasoma. Chama kilikuwa kimeamua kuweka bamba la marumaru kwenye ukuta wa tanuri, na maneno yangekuwa haya: "Rigopula. Alijenga tanuri hili. Aliwafundisha watoto wa Aspali kusoma Kigiriki kilipokatazwa. Alilisha kijiji siku kumi na tisa. Aspali inamshukuru."

Rigopula aliacha kuchekecha.

"Rigopula yupi?"

"Rigopula, shangazi. Yule wa kwenye simulizi. Bibi yenu mkubwa."

"Hii ya siku kumi na tisa ilikuwa mwaka gani?"

"Zamani hiyo. Enzi za Waturuki, nadhani. Babu alikuwa akinihadithia."

"Babu yako alikuwa anakuja hapa saa kumi na mbili asubuhi na kifuko cha kitambaa, anataka mkate wa pembeni, ule ulioungua kidogo. Ilikuwa Februari 1981. Bahari ilichafuka, meli haikufika siku kumi na tisa, na shayiri pekee kijijini ilikuwa ghalani mwangu. Mama yako alikuwa na mimba yako, anatapika kila kitu isipokuwa mkate wangu. Nimekulisha kabla hujazaliwa, Minas, leo unakuja kunizika na Waturuki!"

Sevasti alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa na kuanza kulia. Minas aliona haya. Akatoa kalamu na kukata mstari ule.

"Basi, hiyo nimeifuta. Zimebaki mbili."

"Hizo mbili ni za watu wawili."

Hapo ndipo walipokwama. Minas alikuwa na hoja zake, na si za kijinga. Juu ya mlango wa tanuri umechongwa mwaka 1874, bila jina la mtu. Madaftari ya kanisa ya kabla ya 1912 yaliliwa na unyevu. Kijiji kizima kinasimulia habari za Rigopula mmoja. Na shahidi wake alikuwa mzito: Mzee Nikitas, miaka tisini na minne, mwanafunzi wa mwisho aliye hai kati ya wale waliofundishwa hapo tanurini. Minas alikuwa amemrekodi kwenye simu, na kwenye simu mzee alisema bila kusita: "Rigopula alilijenga tanuri, na humo humo akatufundisha."

"Bibi yangu alizaliwa 1899," alisema Rigopula. "Angelijengaje?"

"Una karatasi?"

"Nina kichwa changu."

"Shangazi, kwa heshima zote. Fundi anaanza kuchonga Jumatatu. Watu wanataka Rigopula mmoja, wa kueleweka. Ukiweka wawili, mgeni atauliza nani ni nani."

"Si aulize! Mdomo anao."

Minas alipoondoka, Sevasti alimwambia mama yake aachane na jambo hilo. Jiwe ni jiwe, na jina lenyewe limo. Rigopula hakukubali. Mtoto huyu, alisema, atapita mbele ya jiwe hilo kila siku ya maisha yake. Atasoma kwamba kila kitu kilifanywa na mtu mmoja aliyeishi miaka mia moja na kitu, mtu asiyekuwepo. Na mwanamke aliyekuwepo kweli hataonekana popote.

Mwanamke huyo, bibi yake, ndiye aliyemlea Rigopula, kwa kuwa Sevasti mama yake alikufa mapema kwa homa ya mapafu. Mwaka 1937 Waitaliano, waliokitawala kisiwa wakati huo, walipokifuta Kigiriki shuleni, Rigopula wa pili alianza kuwaita watoto kwenye chumba cha tanuri alfajiri, kila mmoja na donge lake, eti wamekuja kuoka. Aliutandaza unga mkavu kwenye ubao wa kukandia, akaandika herufi kwa kidole, nao wakaandika chini yake. Viatu vya askari viliposikika kwenye mawe, mkono mmoja ulipita juu ya ubao na somo likawa mkate. Hali iliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Asubuhi moja ya Novemba 1938 mvua ilikuwa imelainisha njia, viatu havikusikika, na ubao haukuwahi kufutwa. Askari alitumia kitako cha bunduki, mara moja tu, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kisha ikafuata jela ya bandarini, miezi mitatu. Mfupa uliunga ukiwa umepinda.

Mwenyewe hakuwahi kulizungumza. Mjukuu alipomuuliza mkono umefanya nini, alijibu, "Niliteleza kwenye ngazi." Habari yenyewe Rigopula aliipata kwa wanawake wengine, wakati wa kuosha mifupa.

Kwa maana Aspali ardhi ya makaburi ni ndogo. Mtu hulala udongoni miaka mitano, kisha wanawake wa nyumba yake humfukua, huiosha mifupa kwa divai, huianika juani siku nzima na kuitia kwenye sanduku la mbao, nalo hupelekwa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Juu ya sanduku hupakwa jina, basi. Tarehe haikuwahi kuandikwa, kwa kuwa waliopaka rangi walijua ni nani aliyemo, na hawakufikiria kwamba siku moja wao pia wangekuwa ndani ya masanduku. Kwenye rafu ya ukoo wake yapo mawili yenye maandishi ya buluu: RIGOPULA na RIGOPULA. Kijijini inasemekana la pili ni la mifupa ya Rigopula yule yule iliyozidi.

Jumamosi, baada ya kutoa mikate tanurini, Rigopula aliwaita Minas na Mzee Nikitas, akaenda kwa Padri Lefteris akaomba ufunguo wa chumba cha mifupa. Padri alisema atafungua mwenyewe. Minas alikuja akiwa na simu yake tayari, akaambiwa aiweke mfukoni. Mzee Nikitas aliletwa na fimbo yake na manung'uniko yake. Sevasti alibaki mlangoni na mtoto, kwani mtoto ambaye hajabatizwa haingii humo.

Sanduku la kwanza lilikuwa na mifupa ya rangi ya kahawia, myepesi, na taya lisilo na jino hata moja. Mifupa yote miwili ya kila mkono ilikuwa imenyooka. Rigopula aliionyesha, akafanya ishara ya msalaba, akafunga. Alipofungua la pili hakutafuta. Aliingiza mkono pembeni, mahali alipouweka mwenyewe mwaka 1973, akatoa mfupa wa mkono. Karibu na kifundo ulikuwa na nundu na umepinda.

"Nimeuosha huu kwa mikono yangu," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Naona umevunjika," alisema Minas kwa upole. "Lakini hausemi mwaka, shangazi. Wala hausemi ni wa nani."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Rigopula alilijua hilo. Alimpa Mzee Nikitas mfupa.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya nundu, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa," alisema. "Yeye pale, karibu na koleo la kutolea mikate. Nilikuwa na miaka minane, donge langu liko mkononi. Alipompiga, kitambaa kilimtoka kichwani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona bila kitambaa. Nywele zikashuka mpaka kiunoni. Nyeusi tititi."

"Nyeusi?" aliuliza padri.

"Si nimesema nyeusi? Alikuwa mrembo yule. Baba alikuwa anapita pale bila kuwa na mkate wa kuoka, mama akamjia juu."

Minas alikuwa ameanza kuhesabu, na uso wake ulionyesha hivyo. Sevasti, aliyezoea kungoja wanafunzi wafikie jibu wenyewe, alishindwa kungoja akasema kutoka mlangoni: "Mzee, tanuri lilikuwa na miaka sitini na minne siku hiyo."

Nikitas aliutazama mfupa, kisha sanduku lililofungwa.

"Basi si yeye aliyelijenga."

"Si yeye," alisema Rigopula. "Ni bibi yake. Huyo hapo, wa kwanza."

"Kwa hiyo nimewadanganya watu miaka themanini na ushee?"

"Hukudanganya, mzee wangu. Umewatia wawili kapu moja."

"Makosa ni yenu!" Nikitas alipiga fimbo sakafuni. "Jina moja mnalivaa kama koti la urithi. Mtu atajuaje nani yumo ndani?"

Hata padri alicheka. Rigopula aliuchukua mfupa, akaurudisha mahali pake, akafunga.

Maneno mapya yaliandikwa asubuhi ile ile kwenye meza ya padri. Minas aliandika, akafuta, akaandika tena. Mstari wa kwanza: "Rigopula, alijenga tanuri hili, 1874." Wa pili: "Rigopula, mjukuu wake, aliwafundisha hapa watoto wa Aspali kusoma Kigiriki kilipokatazwa, 1937–1938." Alitaka kuongeza habari ya mkono, lakini Rigopula akasema hapana, bibi mwenyewe alisema ngazi, na iachwe ngazi.

"Na wa tatu?" aliuliza Minas. "Februari 1981. Safari hii nina tarehe."

"Wa tatu yuko hai. Anayetaka habari zake aje tanurini."

"Na akifa?"

"Ulisema fundi ataweka maua chini ya maandishi?"

"Ndiyo, tawi la mzeituni na maua."

"Mwambie asiweke. Aache pawe wazi."

Minas aliandika hilo pia.

Walirudi nyumbani jua likiwa kali. Kulikuwa na unga wa kukanda kwa ajili ya mikate ya sikukuu, na Sevasti alimlaza mtoto kwenye kapu, akanawa, akasimama upande wa pili wa ubao. Walianza kukanda. Baada ya muda Sevasti aliacha kukanda, akautazama mkono wake wa kushoto, ambao alikuwa ameugeuza nje, akisukuma kwa ubavu wa ngumi. Alijaribu kuunyoosha na kukanda kama watu wengine. Donge likamkatalia. Akaugeuza tena, akaendelea.

Bamba litafungwa ukutani Jumatano, tarehe 14 Agosti, baada ya sala ya jioni. Jumapili ya tarehe 18 Padri Lefteris atambatiza mtoto wa Sevasti kwa jina la Rigopula, na kwenye safu ya maelezo ataandika maneno yale yale matatu. Mikate iliyoagizwa kwa siku hiyo ni themanini. Rigopula atawasha tanuri saa kumi alfajiri.