Fundi wa Seva Aliyeizuia Tarehe ya Baba Yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi anavaa sweta, anafungua chumba cha seva cha hospitali na kuketi. Humo ndani baridi ni kama ya jokofu. Kabla hata ya chai, anasoma orodha ya maombi ambayo seva imeyakataa tangu jana.

Leo yako mawili. Ananyanyua simu ya mezani, anampigia muuguzi. "Dada, ile tarehe ya mgonjwa wako wa sukari haijaingia. Jaribu tena, nimeshaifungulia."

Wauguzi humwita Daktari wa Mashine. Humtania kwamba ni daktari pekee ambaye wagonjwa wake hawalalamiki. Zamani alikuwa akicheka.

Ana miaka thelathini na minne, tisa kati ya hiyo ameimalizia humu. Mwaka huu wezi wa mtandaoni walifuta mafaili ya maabara, wakubwa wakamwagiza azibe kila mwanya. Akaiamuru seva iruhusu mambo mawili tu: kusoma taarifa na kuingiza mpya. Kubadili na kufuta, marufuku.

"Nilijiona nimemaliza kazi," anasema. "Kumbe mfumo wa miadi unasogeza tarehe kwa njia hiyohiyo ya kubadili. Sikumuuliza muuguzi hata mmoja."

Kwa siku kumi na tisa, kila muuguzi aliyejaribu kubadili tarehe aliletewa namba 405, alama ya seva kukataa, na maneno ya Kiingereza. Wakadhani ni mtandao na visa vyake vya kila siku. Walibonyeza mara mbili, tatu, wakaendelea na foleni. Wagonjwa kumi na saba hawakupata ujumbe wa tarehe mpya.

Mmoja wao alikuwa baba yake. Daktari wa moyo aliivuta miadi yake kutoka mwisho wa mwezi hadi Jumatatu. Mzee hakujua. Alifariki Alhamisi ya wiki hiyohiyo, shati la kwendea kliniki likiwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni.

Fundi aliporudi kazini baada ya mazishi, alikuta malalamiko ya muuguzi, akafungua kumbukumbu za seva. Namba ya faili la baba ilikuwemo, imekataliwa mara tatu.

"Naijua ile namba kwa kichwa. Mimi ndiye niliyemwandikisha."

Kurekebisha kulimchukua dakika sita. Inauma kuliandika hilo. Siku hiyohiyo aliwapigia wale wengine kumi na sita, wote wakapatikana. Kisha akaenda kwa mkurugenzi, akasema mwenyewe. Alipewa onyo la maandishi.

"Bora wangenifukuza."

Sasa anatengeneza tahadhari ya Kiswahili kwenye skrini za wauguzi: *Tarehe haijabadilika. Mpigie mgonjwa.*

Lakini alimwomba mwandishi wa habari hii asichapishe neno kabla hajazungumza na mama yake, ambaye bado huwaambia majirani kwamba hospitali ile inaendeshwa na binti yake. Kwa miezi minne tangu mazishi, fundi alikuwa akimpiga chenga mama huyo.

Jumanne alimpigia mwandishi simu. "Nimemwambia. Hakulia, hakunigombeza. Amesema, 'Leo niache, mwanangu. Uje Jumapili.'"

Ataenda.

"Akinifungulia, nitaingia. Asiponifungulia, nitakaa pale mlangoni mpaka afungue. Niende wapi tena? Ni mama yangu. Wewe chapisha."