Nilivyopanda Olenguruone Kutetea Kifungu cha Nne

Kamati yetu ya amani hapa Nakuru ilikuwa ikiandika waraka wa kutaka kanda yetu isiwe na silaha za nyuklia. Mwenyekiti akataka tufute kifungu cha nne, kinachokataza mabomu hayo hata kupitishwa kwetu. "Mataifa makubwa hayatakubali. Mwenye nguvu mpishe, Mwalimu. Na wananchi wenyewe hawajali." Hilo la mwisho lilinichoma. Nikamwomba siku mbili nikawaulize.

Jumanne asubuhi niliondoka nyumbani mtaani Kaptembwo na sweta mbili, maana baridi ya milima ya Mau haina urafiki. Kutoka Molo barabara ilipanda kwenye ukungu, viazi kulia, viazi kushoto, kisha chai.

Saa sita nilifika Olenguruone. Mwenyeji wangu, Mama Chepkoech, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alivaa miwani akasoma waraka wote.

"Mwalimu, hao wenye mabomu wameweka sahihi mikataba ya namna hii?"

"Wengine wamekataa. Na hawataki kukaguliwa."

Akacheka. "Hapa tulikuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Sisi wadogo tukafunga ng'ombe, daktari akakagua kila boma. Halafu tajiri mmoja akapitisha ng'ombe zake hapa kwa barabara. Ati anapita tu."

"Mkafanya nini?"

"Tulinyamaza. Ndama zangu tatu zikakufa. Aliporudi mara ya pili, sisi akina mama tulilaza magogo kwa barabara tukakalia. Alipigia wakubwa wote simu. Lakini aligeuza ng'ombe zake."

Aliweka sahihi kuunga mkono kifungu cha nne, akanishika mkono hadi sokoni. Watu walitia sahihi juu ya magunia ya viazi, wakibishana na kuulizana maswali ambayo kamati yetu haijawahi kuuliza. Niliona aibu kwa niaba yetu.

Jumatano jioni nilirudi Nakuru moja kwa moja hadi mkutanoni, viatu vikiwa na matope. Niliweka karatasi za sahihi mezani.

"Kifungu hicho kikibaki, huko juu watautupa waraka wote," mwenyekiti akasema.

"Wautupe kikiwemo."

Tulipiga kura, kifungu kikabaki. Sijui kitafika wapi. Nilichojifunza ni hiki: mkubwa akitaka kukataa, akatae mwenyewe, kwa mdomo wake, watu wote wakisikia. Sisi tusimsaidie.