Ña Nimia Anakanda Tena

Ña Nimia Galeano, yaani Bi Nimia, alikuwa mkaidi, na Barrero nzima ilijua. Tangu usichana wake aliuza chipa, mikate midogo ya jibini, kando ya barabara kuu, kikapu kichwani, na hakuwahi kupima chumvi kwa kijiko. Alikanda wanga wa muhogo na jibini, mayai na mafuta ya nguruwe, akanyunyiza bizari tamu, kisha akachovya kidole kwenye donge bichi na kukilamba. Ulimi wake ndio uliokuwa mizani.

Saratani ya titi ilipompata hakulia mbele ya watu. Kilichomvunja moyo ni kutapika. Kila alipotoka kuwekewa dripu ya dawa ya saratani mjini alijifungia chooni, akatapika hata maji matupu, huku bintiye Zunilda amesimama mlangoni na beseni, hajui la kufanya. Na sasa dripu nyingine ilikuwa imeangukia mwanzoni mwa Juma Kuu. Jumatano ndiyo siku ya kuoka, kwa sababu Ijumaa Kuu hakuna anayewasha moto. Watu hula chipa zilizookwa mapema.

"Siendi," alisema. "Jumatano nikiwa nimekumbatia choo, nani atakanda?"

"Mimi."

"Wewe? Chipa zako mtu akizirusha zinavunja kioo cha basi."

"Bora kioo kivunjike kuliko nikuzike, Mama."

Neno hilo lilimchoma. Akavaa viatu, wakaenda.

Nesi aliyemtafuta mshipa, kijana aitwaye Celso, alimuuliza kwa upole, "Vile vidonge vya kuzuia kutapika unavimeza wakati gani?"

"Nikianza kutapika. Nivimeze nikiwa mzima, nina wazimu?"

Kwao dawa ni ya mgonjwa. Hata mnanaa hutiwa kwenye terere, chai yao ya baridi, tumbo likishaanza kusokota. Celso akavuta kiti, akakaa.

"Sikiliza, Ña Nimia. Dripu ikiingia, utumbo unashtuka na kumwaga kemikali. Kemikali hiyo inashika neva, neva inapeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna sumu, itolewe. Hapo ndipo unatapika. Kidonge hiki kinakalia pale pale kemikali inapotaka kushika. Kikiwahi, kemikali inakuta pamejaa."

"Na kikichelewa?"

"Habari imeshafika. Unakitapika na chenyewe."

"Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nakilisha choo dawa!"

Akacheka, kisha hasira zikampanda, na alikuwa na haki. Mateso yote yale, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali dogo namna hiyo.

"Meza sasa, kabla sijafungua dripu," Celso alisema. "Na nyumbani uendelee kama ulivyoandikiwa, hata ukijiona mzima."

"Na huu ulimi? Kila ninachokula kina ladha ya msumari."

"Ulimi umeharibiwa na dripu. Kidonge hakiuhusu huo. Kwa wengi ladha hurudi, ila baada ya muda."

Kesho yake Ña Nimia alishinda ameketi kando ya beseni, anamsubiri adui yake. Kichefuchefu kilimgusa kooni, kikapita. Beseni likabaki kavu. Zunilda alilichungulia mara kwa mara kwa kuibia, akiogopa kuitia mkosi bahati.

Jumatano asubuhi moto uliwaka kwenye tanuri la udongo na Ña Nimia akakanda. Mikono ilikuwa imekonda, lakini ilijua njia. Akachovya kidole, akalamba. Akasita. Akalamba tena, kisha akaanza kufinyanga pete za chipa na kuzipanga juu ya majani ya migomba.

Zilipoiva alikula moja akiwa amesimama, mkono mmoja tumboni. Akasubiri. Chipa ikatulia. Machozi yakamtoka kwa furaha, na safari hii hakujificha.

Kisha akammegea bintiye kipande.

"Chumvi imekolea?"

Zunilda hakuwahi kumsikia mama yake akimuuliza mtu swali hilo. Akatafuna polepole. Chumvi haikuwamo kabisa, ilikuwa imesahauliwa.

"Imekolea, Mama," akasema, akanyoosha mkono kuomba nyingine.