Kati ya Kitovu na Magoti

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na mapaja ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuyaona. Niliishi kwa mjomba, juu ya duka lake la vikoi, Mtaa wa Biashara. Mchana aliuza nguo; jioni alisomesha watoto Kurani katika chumba kile kile nilicholala. Alinitoa Lamu, akanipa kazi na godoro. Kila nilichokuwa nacho kilipita mikononi mwake, isipokuwa mwili. Huo nilidhani ni wangu.

Mwalimu wangu wa vyuma alikuwa karani wa benki, mtu wa Kakamega, mwenye shingo iliyozishinda kola zote za mjini. Jumapili alituzoeza katika gereji tupu kule Lavington, nyuma ya nyumba ambamo shemeji yake alikuwa mpishi. Vyuma vyetu vilikuwa mabomba ya maji yenye makopo ya saruji kila ncha. Nilichuchumaa na bomba mabegani, nikainuka, nikachuchumaa tena, mpaka miguu ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Chakula pia alinipangia: mayai ya kuchemsha, maharagwe, maini, maziwa. Mahamri marufuku.

Niliposukuma kando wali wa nazi, mke wa mjomba aliniuliza kama nina homa au nina mwanamke. Nikasema ni tumbo. Basi akawa ananichemshia mayai mwenyewe, akiamini ni dawa, nami nikayala nikitazama meza.

Shindano la kutunisha misuli lilikuwa karibu. Mshindi angepata kazi ya kufundisha mazoezi katika klabu moja ya Westlands, pamoja na chumba cha kulala. Sikuota kikombe wala makofi. Niliota mlango ambao ningeufunga, nikakaa ndani, nikaandika mambo yangu.

Mwalimu alinipa chupi ya kuvaa jukwaani, ndogo kama leso ya mkononi. Niliifua, nikaianika. Mke wa mjomba akashuka nayo dukani, akauliza, "Hii ya mtoto wa nani?"

Nikasema ni yangu, na mengine yote yakafuata. Mjomba alisikiliza huku akikunja vitambaa.

"Mwanangu, nguvu sikukatazi," alisema. "Lakini uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti. Watu wakiuona wako, mimi nitawasomesha nini watoto wao?"

Kisha akashusha kikoi kipya kutoka rafuni, akaniwekea mikononi. Angenifukuza, ningeondoka kwa furaha.

Siku ya shindano nilipanda jukwaani nimepakwa mafuta, chupi ndani, kikoi juu. Ukumbi ukacheka. Mmoja akaniita bibi harusi, mwingine akauliza mahari. Mwamuzi akaeleza kwa upole kwamba hawezi kutoa alama kwa kitu asichokiona.

"Toa hiyo kitu, bwana," mwalimu akaninong'oneza kutoka pembeni. "Hakuna mtu hapa ako na miguu kama yako."

Nilijua. Kikoi hakina kifungo. Hushikwa na mkunjo tu kiunoni. Ningevuta tumbo ndani, kama tulivyofundishwa, kingeanguka chenyewe, na ningesema kimeanguka.

Ndipo nikamwona mjomba. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, kofia kichwani, macho sakafuni. Hakuja kunizuia. Aliinamisha macho ili nikitaka kuvua, nivue bila yeye kuona.

Nikatokeza tumbo nje ili mkunjo ushike. Nikatunisha misuli ya mikono, nikageuka, nikaonyesha mgongo, tumbo limejaa kama la mtu aliyetoka karamuni. Wakacheka mpaka nikashuka. Chumba cha Westlands kilikwenda kwa mwingine, kijana mwenye miguu ya korongo.

Mjomba alinisubiri nje. Tulitembea hadi Mtaa wa Biashara, kisha akaniuliza kama nimekula. Mezani nilikuta mayai, yamekwisha kumenywa.

Jioni iliyofuata watoto walijaa chumbani kwangu na sauti zao. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida. Niliketi kwenye godoro, nimejifunga kikoi kile, nikakaza mapaja. Yaliitika mara moja, magumu, tayari, kama watu wawili waliofungiwa ndani wakisikia hatua nje.