Mifupa ya mu Kabati ya Biolojia

Admin, jina yangu usiitoe, na jina ya shule yetu usiitoe, sababu Kasongo ni kadogo na watu watajua. Niko binti wa miaka kumi na tisa. Nasoma sixième, darasa ya mwisho ya sekondari, section biochimie, mwaka huu napita Exetat, mutihani ya taifa. Nyumbani tuko na mama, shemeji yangu, bibi ya kaka yangu, na mutoto wake mudogo. Baba alishakufa. Yaya yangu, ndiyo kaka yangu mukubwa, nitamuita Saidi, ndiye alikuwa anatulisha. Alienda Salamabila kuchimba zahabu, na tangu shimo moja ianguke kule, sasa mwaka wa pili, simu yake haipite tena. Hakuna mutu alileta maiti. Wengine wanasema walimuona Lusangi, wengine wanasema alioa mwanamke mwengine huko. Mama anashikilia hayo maneno. Matanga alikataa. "Mutoto wangu iko hai," ndivyo anajibu kila mutu.

Sasa niseme ya shule. Vyombo hatuna. Mikroskopi tunaichora tu ku tableau, hatujawahi kuiona. Tulipofika ku somo ya mifupa, prof wetu wa biolojia alituambia kila mutu alete mufupa ya mbuzi, ya kuku, ya chochote, ili tusisome hewani. Mwenzetu mumoja, ambaye kaka yake anachimba Salamabila, akaleta mufuko. Ndani ilikuwa mifupa ya mutu: kichwa, mbavu, miguu. Alisema kaka yake na wenzake walifungua tena shimo ya zamani, wakakuta watu ndani, na mukubwa wa shimo akaamuru waitoe kimya kimya, wasifungiwe kazi. Prof alitoa kichwa mu mufuko, akaitazama. Nilifikiri atakataa. Kisha akasema, "Uhai hatuwezi kumurudishia. Basi atufundishe." Akaiosha, akaandika jina ya kila mufupa juu yake na feutre, kalamu nene nyeusi, akaiweka mu kabati.

Wanafunzi wakamupa jina, Papa Kalsiamu. Kila tukiingia darasa, mutu anamusalimia, tunacheka. Mimi pia nilicheka. Nilijifunza kwake mufupa kwa mufupa, nikapata pointi kupita wavulana wote, na prof akanisifu mbele ya wenzangu.

Mikono ilikuja nyuma ya siku kidogo, mu mufuko mwengine. Prof akaniita mimi niipange ku meza. Nikaweka humérus, mufupa ya juu ya mukono. Nikashika mifupa mbili za mukono wa kushoto, zile za kutoka kiwiko kufika kiganja, nikaona zimepinda, na pale zimepinda iko kinundu, kama mufupa ulivunjika ukapona vibaya. Nilishindwa kuziweka chini. Saidi alianguka ku muchikichi akikata ngazi za mawese. Nilikuwa mutoto, nilikuwa pale chini yake, nilisikia ile sauti. Muganga alimufunga na vijiti, mukono ukapona kombo, na ni ule mukono wa kombo alinibebea miaka yote. Nikageukia kichwa, nikatazama meno ya juu. Moja ya mbele imekatika nusu, pale mwenzake alimupiga na kiwiko mu mupira. Ile jino nilikuwa naiona tangu siku ya kwanza. Sikuitambua.

Prof akauliza, "Hiyo ni cubitus ao radius?" Nikamujibu, na nilijibu vizuri. Kisha nikatoka inje, nikangoja nyuma ya choo.

Wenzangu walipoenda nikamufuata prof, nikamuambia yote. Alikaa ku kiti ya wanafunzi, jasho ikamutoka. "Binti yangu, mukono uliovunjika iko kwa watu mingi. Kama si yeye, utakuwa umemuua mama yako bure."

"Ni yeye, prof."

"Na kama ni yeye, watauliza nani aliileta. Yule mutoto atafungwa mu kasho ya polisi. Mimi pia. Nani atawafikisha ku Exetat?" Akafuta macho. Si mutu mubaya, naomba musimutukane. Lakini alifunga kabati na ufunguo, akasema inspekteri iko karibu kufika, kwa hiyo wiki hii ataiondoa yote, ataizika mahali mbali, na mimi nisahau.

Ile siku, kufika nyumbani, nikakuta kelele. Shemeji alikuwa amemuambia mama kwamba anachoka kungoja, kwamba kwao Kabambare iko mwanaume anamuuliza ndoa. Mama alikuwa anatupa nguo zake inje. "Unataka kumuua mume wako na kinywa! Mwanamke gani wewe!" Akanigeukia. "Wewe unasoma, muambie huyu! Muambie yaya yako iko hai!"

Shemeji alinitazama. Mutoto alikuwa mugongoni mwake. Na mimi, mutu moja tu mu ile nyumba ambaye anajua, nilisema, "Mama, tuliza roho." Basi. Ndiyo yote nilisema. Shemeji sasa analala kwa jirani, mama amebaki na mutoto kwa nguvu, majirani wanamuita shemeji malaya, na mimi napita mbele yake kila asubuhi na uniforme nikienda kukaa mbele ya ile kabati.

Sisi ni Waislamu. Yaya yangu hakuoshwa, hakuvalishwa sanda, hakusaliwa. Ameandikwa na feutre. Prof akimuondoa, sitajua tena hata kaburi yake. Nikiongea, mwenzangu na prof wanafungwa, na mama atauliza nilimujuaje mutoto wake, nitalazimika kumuelezea.

Nishaurini, nifanye nini? Wa kuniandikia pole, asanti, lakini pole haitoshi. Kama iko mutu hapa alishapeleka habari kama hii kwa mama yake mwenyewe, aniambie alianza na neno gani.