Benzi la Kuazima Hadi Voi

Safari yetu ya Voi ilikuwa ya posa. Kaka yangu alifariki akamwacha mwanawe Swaleh, na kwetu ami ndiye baba, basi kazi ya kwenda kumposea mke ikawa yangu. Kijana alimpenda binti wa Mzee Omari, mtu wa dini mwenye duka lake Voi. Mzee huyo alikuwa amesikia kwamba sisi watu wa Kisauni tunajiona, akatuma neno: "Njooni Jumamosi niwaone kwa macho yangu. Nisiporidhika, yameisha."

Sasa twende na gari gani? Swaleh ana Probox yake, ndiyo anayobebea samaki kila alfajiri. Akaniambia, "Ami, chukueni hii. Nitaiosha." Nikamcheka. "Tukapose na harufu ya papa? Wallahi watatufungulia mlango wa jikoni!" Kijana alitabasamu tu. Na kwa kuwa bwana harusi haendi kwenye posa yake mwenyewe, nikaona hana la kusema.

Nyali nina rafiki mwenye Benzi la zamani, rangi ya malai, viti vya ngozi, bampa linang'aa kama kioo, unaweza kunyolea ndevu. Nililizunguka nikilipapasa kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Rafiki akanionya: "Athmani, hili ni la kupigia picha maharusi. Limekaa mno. Kabla hujashika barabara ya Nairobi, badilisha mpira wa rejeta." Nikamwambia inshallah. Nilichobadilisha ni vitambaa vya viti.

Jumamosi asubuhi tulitoka Kisauni. Mimi kwenye usukani, Maalim Shee wa msikiti wetu kando yangu, na nyuma shemeji yangu Zuhura, mamake Swaleh, akiwa na sinia la halwa magotini. Swaleh alikuwa keshakwenda Mariakani na samaki wake. Changamwe watu waligeuza shingo. Madereva wa malori yanayotoka Kipevu wakatupigia honi, nami nikawapungia mkono kama gavana. Siwafichi, nilifurahi.

Mariakani tukapita salama. Tulipoiacha Samburu nyuma kidogo, Zuhura akauliza, "Shemeji, ule si moshi?"

"Ni mvuke tu."

Mvuke gani! Gari likazimika katikati ya nyika, mpira wa rejeta umepasuka. Jua linapanda, fundi hakuna, na gari la watu hatuwezi kulitupa porini. Maalim akavua kofia akaanza kujipepea nayo. Zuhura akatoa simu.

"Usimpigie Swaleh," nikasema. "Bwana harusi haonekani kwenye posa."

"Na sisi je, tutaonekana?" akanijibu, huku anapiga.

Swaleh alikuja na fulana yake ya kazi, magamba ya samaki kifuani. Hakunicheka. Laiti angenicheka! Alifunga kamba, akatuvuta nyika nzima, Taru hadi Maungu, mabasi yakitupita na abiria wakichungulia. Nikainamisha uso nyuma ya usukani.

Tulipofika Voi, Mzee Omari alikuwa langoni na nduguze. "Karibuni, poleni na njia. Na kijana huyu aliyewavuta?"

Swaleh akaniangalia. Mikono yake imejaa grisi, na harufu ya samaki tayari imefika langoni. Mdomo wangu ukasema, "Ah, dereva tu huyo. Tumempata njiani."

Swaleh akainama. "Shikamoo, mzee," akasema, akaenda kukaa barazani. Nilijiambia kwamba nalinda mila. Uongo mtupu! Nilimwonea haya mtoto wa kaka yangu.

Ndani tuliandaliwa pilau, na sahani moja ikapelekwa nje kwa dereva. Mzee Omari akauliza, "Bwana harusi anafanya kazi gani?"

Nikakohoa. "Biashara. Mambo ya usafirishaji."

"Na lile Benzi ni lake?"

Nikajitia kuchota pilau. Hapo ikatoka sauti ya Zuhura nyuma ya pazia, walikokaa wanawake. "Mzee Omari, niwie radhi. Benzi ni la kuazima. Bwana harusi ndiye huyo anayekula peke yake barazani. Ni mwanangu, na Probox ile ya samaki ni yake."

Watu wote wakanitazama. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu yalikuwa nje mbele ya wakwe. Maalim alitazama pilau yake asinisaidie hata kwa neno.

Mzee Omari akainuka, akachukua birika na kutoka. Tukasikia maji yakimiminika: yeye mwenyewe alikuwa anamnawisha Swaleh mikono. Akamwingiza na fulana yake ile ile, akamketisha ubavuni pake kwenye sinia letu la pilau. Kisha akanigeukia.

"Bwana Athmani, binti yangu nimempa huyu. Na wewe nimekusamehe kwa ajili yake."

Alasiri tukaanza kurudi. Zuhura alikaa mbele kwenye Probox na mwanawe. Maalim akajibanza nyuma kati ya makapu ya samaki, akasema huko ndiko kwenye hewa nzuri. Nikabaki peke yangu kwenye viti vya ngozi, nashika usukani wa gari lisilokwenda, Probox ikilivuta kwa kamba. Njia nzima nilikuwa nikitazama kisogo cha kijana yule, ambacho ni cha kaka yangu kabisa, na kujiuliza kaka angesema nini. Gari la safari nilikuwa nalo tangu mwanzo, nikalikataa pamoja na mwenyewe.

Karibu na Mazeras Swaleh alisimama, akaja dirishani na chupa ya maji. Nilitaka kumwomba radhi, akanitangulia.

"Kunywa, ami," akasema. "Jua limekuchoma."

Mbele ya wakwe nilimwita dereva. Pale njiani, pasipo na mtu wa kumsikia, yeye bado ananiita ami. Nikapokea chupa kwa mikono miwili, machozi yakinitoka.